Ufaulu wa darasa la saba umeshuka kutoka asilimia 91 hadi 62: kikao cha wazazi kianzie wapi?

Mjumbe wa Kamati, Rungwe

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mkulima wa ndizi na viazi mviringo katika kata moja ya Wilaya ya Rungwe, na huu ni mwaka wa pili tangu wazazi wanichague kuwawakilisha katika kamati ya shule ya msingi ya kijiji chetu. Naandika kwa sababu najua humu wamo walimu, na wamo wazazi waliokwisha kupita katika jambo kama hili, nami natafuta wa kunielekeza kabla sijasimama mbele ya watu na kusema nisilolijua.

Katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi wa mwaka 2023 shule yetu ilikuwa na watahiniwa 34, wakafaulu 31. Mwaka huu wa 2024 watahiniwa walikuwa 37, na waliofaulu ni 23. Kwa asilimia, tumetoka 91 tukaangukia 62. Ningeweza kujifariji kwamba mtihani ulikuwa mgumu kwa kila mtu, lakini matokeo ya taifa hayaniruhusu: ufaulu ulikuwa asilimia 80.58 mwaka 2023 na asilimia 80.87 mwaka 2024, yaani nchi nzima ilisimama palepale ilhali sisi tuliporomoka.

Tangu Baraza la Mitihani litangaze matokeo mwishoni mwa Oktoba, watu hawana mazungumzo mengine, iwe gulioni au baada ya ibada. Kikao cha wazazi wote kimepangwa baada ya wiki tatu, na tayari maneno mawili yamekwisha kushika. La kwanza ni kwamba mwalimu mkuu ahamishwe. Mama huyu aliripoti kwetu Januari 2024, akimpokea mwenzake aliyestaafu, na wapo wanaosema waziwazi kwamba mzee aliondoka na ufaulu wake. La pili ni kwamba watoto watakaokuwa darasa la saba mwakani wawekwe kambi, yaani walale shuleni wakisoma, kwa miezi mitatu kabla ya mtihani wa Septemba, na kila kaya yenye mtoto huko itoe debe moja la mahindi pamoja na fedha za kuwalipa walimu posho. Mimi sina neno dhidi ya kuchangia, ila nataka kujua kama tunachangia dawa ya ugonjwa wenyewe.

Kuna jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya hayo. Nilikwenda Tukuyu mjini nikachapishiwa matokeo ya miaka yote miwili, nikayahesabu mwenyewe kwa wastani wa daraja. Mwaka 2023 tulikuwa na A moja, B sita, C ishirini na nne na D tatu. Mwaka 2024 tuna A tatu, B nane, C kumi na mbili na D kumi na nne. Tazameni hapo: waliopata A na B wameongezeka kutoka 7 hadi 11, na papo hapo waliofeli wameongezeka kutoka 3 hadi 14. Walimu ni walewale isipokuwa mwalimu mkuu, madarasa ni yaleyale, vitabu ni vilevile. Shule inawezaje kupanda na kushuka katika mwaka mmoja?

Naomba anayefahamu namna ya kuyasoma matokeo haya anifundishe. Na kama yuko aliyewahi kushiriki kambi, aseme kwa uwazi ilisaidia nini na haikusaidia nini.

Mwalimu Mstaafu, Mufindi

Kamwene, ndugu mjumbe. Nimefundisha Hisabati miaka 31 katika shule za vijijini huku Mufindi, na minane ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu, kwa hiyo kikao unachokielezea nimewahi kukaa upande wa yule anayelaumiwa. Kwanza nakupongeza kwa kuhesabu madaraja badala ya kuishia kwenye asilimia. Wengi hawafiki hapo.

Shule yenye watahiniwa 37 kila mtoto mmoja ana uzito wa karibu asilimia 2.7. Watoto watatu wakiugua siku ya mtihani, au familia mbili zikihamia kijijini na watoto waliosoma kwa shida kwingine, asilimia ya shule inayumba bila mwalimu yeyote kubadilika. Ndiyo sababu Baraza, katika miaka lilipokuwa likizipanga shule kwa nafasi, lilizitenga zenye watahiniwa pungufu ya 40 katika kundi lao. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora, nami naona lilifanya vyema, ila vijijini bado tunapangana wenyewe. Hata hivyo sitaki ujifiche nyuma ya hesabu hiyo. Ongezeko la watoto 11 wenye D katika shule ndogo si kuyumba kwa bahati. Lipo jambo limetokea kwa kundi fulani la watoto, na kazi yako ni kulitafuta kundi hilo.

Sasa nikueleze namna mtoto anavyofaulu, maana wazazi wengi hawaijui. Masomo ni sita: Kiswahili, English Language, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Anayefikisha alama 121 amepata wastani wa C, na huyo amefaulu. Aliye kati ya 61 na 120 amepata D, na kwa darasa la saba D si kufaulu. Hakuna sharti la kufaulu somo lolote mahususi. Kinachotazamwa ni jumla.

Chukua mtoto aliyepata Kiswahili 38, Maarifa ya Jamii 28, Uraia 27, Sayansi 20, Hisabati 6 na English 5. Jumla yake ni 124. Huyu amefaulu, amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, na nyumbani wamemchinjia kuku. Lakini ana E mbili, yaani daraja la chini kabisa, na masomo hayo mawili ndiyo yatakayomkaba: kidato cha kwanza atafundishwa karibu kila kitu kwa Kiingereza, na hesabu za huko zinasimama juu ya sehemu na desimali ambazo hakuzishika. Tena maswali mengi ya mtihani ni ya kuchagua jibu moja kati ya matano na kuweka kivuli kwenye fomu. Mtoto akifumba macho na kuweka kivuli popote, bado ataokota moja katika kila matano. Kwa hiyo alama 6 au 8 za Hisabati hazikwambii kwamba anajua kidogo; zinaweza kukwambia kwamba hajui kabisa.

Hili ndilo linaloeleza jambo linalowashangaza watu kila mwaka, kwamba taifa linatangaza ufaulu wa jumla wa asilimia 80 ilhali katika English waliofaulu hawafiki nusu ya watahiniwa. Kiswahili na yale masomo yanayosomwa kwa Kiswahili yanabeba mzigo wa mengine. Niliyaona mabadiliko ya asilimia kuanzia 30.72 mwaka 2012 hadi 82.68 mwaka 2020, na sikatai kwamba kuna kazi kubwa imefanyika, lakini kama mwalimu wa Hisabati siwezi kukubali kwamba katika miaka minane watoto wetu walikuwa wajuzi karibu mara tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiwatazame wale 14 wa mwaka 2024 peke yao. Watazame pia wale 24 waliopata C mwaka 2023. Chukua kalamu, ushuke safu kwa safu, uhesabu wangapi kati yao walikuwa na D au E katika English na Hisabati. Nina wasiwasi kwamba utawakuta wengi, na kama ndivyo, mwaka wenu wa asilimia 91 ulikuwa mgonjwa aliyesimama na mwaka huu ni mgonjwa aliyeanguka. Ugonjwa ni uleule.

Ushauri wa pili: Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na zinapatikana kwenye tovuti yake bila malipo. Humo wameeleza swali kwa swali ni watahiniwa wa kiasi gani walichagua jibu lipi, na kwa nini jibu lisilo sahihi liliwavutia. Muulize mwalimu wa taaluma kama shule inazo. Nikiwa mwalimu mkuu tulikuwa tukizisoma kwa pamoja Jumatano mchana, na zilitusaidia kuliko semina nyingi nilizohudhuria, kwa sababu zilituonesha kwamba watoto wanaokosea hawakosei ovyo. Wana kanuni yao waliyoishika vibaya, na kanuni hiyo mara nyingi wameipata kwetu.

Kuhusu mwalimu mkuu, mtoto wa darasa la saba amekaa shuleni miaka saba. Mama huyo amekaa naye miezi tisa.

Mzazi wa Mbalizi

Shikamoo mwalimu, na salamu kwako ndugu mjumbe. Naheshimu yote aliyoandika mwalimu, lakini kambi isitupwe kabla ya kusikilizwa. Binti yangu alikuwa darasa la saba mwaka 2022. Katika mtihani wa utamilifu wa wilaya, ule tunaouita moko, alipata jumla ya 108. Wazazi tulikubaliana, tukachangia mahindi, maharage na mafuta, watoto wakalala shuleni kuanzia katikati ya Juni. Septemba akafanya mtihani, akapata C. Leo yuko kidato cha pili na anaendelea, ingawa Kiingereza kilimsumbua sana mwaka wa kwanza, kama mwalimu alivyosema.

Nikitafakari ni nini hasa kilichomsaidia, sidhani kama ni masomo ya usiku peke yake. Nyumbani kwetu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuchota maji, jioni anawatazama wadogo zake, na kitabu anakishika akiwa amekwisha kuchoka. Kambini alikula mara tatu, alikuwa na taa, na hakuna aliyemtuma. Nasema haya nikijua yananihukumu mimi na mama yake. Kwa hiyo ukiwaeleza wazazi faida ya kambi, waeleze pia kwamba sehemu ya faida hiyo wanaweza kuitoa nyumbani bila kuchanga hata shilingi.

Jambo moja la kusimamia kwa ukali mkiamua kuweka kambi ni usalama wa mabinti. Kwetu walilala darasani, na mwanzoni hakukuwa na mwalimu wa kike wala mama yeyote wa kulala nao. Tulilikuta hilo baada ya wiki mbili, tukakataa mpaka likarekebishwa. Msisubiri wiki mbili.

Mwalimu wa Madarasa ya Chini, Kilolo

Nawasalimu wote. Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili, na kila mara matokeo ya darasa la saba yanapojadiliwa mahali popote, sisi wa madarasa ya chini huwa hatuitwi. Naomba nisikilizwe kidogo, kwa maana naamini jibu la ndugu mjumbe liko huku chini.

Darasa langu la kwanza lina watoto 68. Kiwango kinachotakiwa ni 45. Wengi wao wanafika wakiongea Kihehe, na Kiswahili wanakisikia redioni na dukani. Nadhani Rungwe vijijini ni hivyohivyo kwa Kinyakyusa. Mtoto huyu tunamfundisha herufi na silabi katika lugha ambayo bado anajifunza kuizungumza. Wapo wanaoshika upesi, wengi kwa kweli, lakini katika kila darasa linabaki kundi ambalo mwisho wa darasa la pili bado linakariri. Anakusomea ukurasa mzima wa kitabu bila kukosea, ukifunika picha anyamaza. Mwalimu mwenye watoto 68 anaweza asiligundue hilo mwaka mzima, nami nakiri kuwa limewahi kunipita.

Sasa tuwafuate watoto wako wa mwaka 2024. Walianza darasa la kwanza mwaka 2018. Kwa mtaala waliousoma, darasa la kwanza na la pili vilikuwa ni Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na English ilianza rasmi darasa la tatu. Darasa la tatu kwao lilikuwa mwaka 2020. Shule zote zilifungwa Machi 17 mwaka huo kwa sababu ya korona, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Maana yake ni kwamba walikuwa wamekaa na somo jipya la English kwa wiki kama kumi, wakakaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu, kisha wakarudi na kukimbizwa kufidia. Mtoto ambaye nyumbani kuna kitabu au kaka aliyefika sekondari alirudi na kitu. Yule mwingine alirudi akiwa amesahau hata kile cha darasa la pili. Wa mwaka 2023 walifungiwa vilevile, lakini wao walikuwa darasa la nne, wamekwisha kuwa na mwaka mzima wa English. Sisemi kwamba hili peke yake limeiangusha shule yenu, kwa kuwa darasa hilohilo nchi nzima halikuanguka. Nasema kwamba pale ambapo mtoto alikuwa na udhaifu mwingine, pengo hili lilikuwa na mahali pa kushika.

Kuna kitu kingine ambacho nakuomba ukitazame kwa makini kuliko vyote. Watoto hao walifanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne mwaka 2021. Katika upimaji ule, anayepata A, B, C au hata D anahesabiwa kuwa amefaulu na anaendelea na darasa la tano. D ileile, katika darasa la saba, ni kufeli. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na D akiwa na miaka kumi, akapongezwa, akapanda, mzazi wake akalala usingizi kwa miaka mitatu, kisha akapata D tena akiwa na miaka kumi na tatu, na watu wakauliza ni nani aliyemharibu. Hajaharibiwa na mtu mwaka huu. Amebaki pale alipokuwa. Mwombe mwalimu wa taaluma akufungulie orodha ya mwaka 2021, uwatafute wale 14 mmoja mmoja.

Na ukishamaliza, nenda darasa la tatu la sasa. Watoto walioko darasa la tatu mwaka huu ndio wa kwanza kwa mtaala mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita. Mwaka 2027 watamaliza darasa la sita, pamoja na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani. Hawana ule mwaka wa saba wa kujiokoa. Chukua aya moja fupi ambayo hawajawahi kuiona, mkae chini ya mti na mwalimu wao, kila mtoto asome peke yake, kisha aulizwe maswali mawili kuhusu alichosoma. Ni kazi ya siku mbili. Haigharimu kitu zaidi ya uvumilivu.

Mwalimu Mstaafu, Mufindi

Mwalimu wa Kilolo amesema neno ambalo sikulisema na nilipaswa kulisema. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa nawapanga walimu hodari darasa la saba, na darasa la kwanza nampa aliyebaki, au aliyekaribia kustaafu, au aliyetoka likizo ya uzazi. Karibu kila shule niliyoijua ilifanya hivyo, kwa kuwa mwalimu mkuu hupimwa kwa Septemba. Ndugu mjumbe, uliza kwa upole jinsi walimu walivyopangwa kwenu.

Kwako mzazi wa Mbalizi, marahaba, na nakubali. Mtoto mwenye 108 kambi inamfikisha 121, kwa maana alikuwa na msingi na alikosa muda na shibe. Mwenye 70, ambaye hasomi aya akaielewa, miezi mitatu itamchosha tu. Kabla ya kuchanga, kamati ijue ina watoto wangapi wa aina ya kwanza na wangapi wa aina ya pili.

Mjumbe wa Kamati, Rungwe

Walimu wangu, na ndugu mzazi, ndaga fijo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na majibu badala ya shukrani tupu.

Nilimfuata mwalimu mkuu ofisini nikamweleza nilichokuja kutafuta. Nilidhani angekuwa na kinyongo kwa yanayosemwa, lakini alinipokea vizuri, akamwita mwalimu wa taaluma, tukakaa na madaftari siku tatu mfululizo kuanzia saa nane mchana. Tulianza na upimaji wa darasa la nne wa mwaka 2021. Kati ya wale 14 waliopata D mwaka huu, 11 walikuwa na D mwaka ule. Wawili walikuwa na C. Mmoja hatukumpata kwenye orodha yetu, kwa kuwa alihamia kwetu akiwa darasa la sita, wazazi wake walipotoka machimboni Chunya. Mwalimu wa taaluma alinyamaza kwa muda mrefu baada ya kuweka alama ya mwisho. Yeye alikuwapo mwaka 2021, na aliniambia kwamba wakati ule shule ilishangilia kwa sababu hakuna aliyekariri darasa.

Kisha tulishuka safu ya English. Katika wale 14, 13 wana E. Katika wale 23 waliofaulu, 10 wana D au E. Halafu nikafanya alivyoagiza mwalimu wa Mufindi, nikawarudia wale 24 wa C wa mwaka 2023. English, 17 kati yao wana D au E. Hisabati, 15. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwaza juu ya sherehe tuliyoifanya mwaka jana.

Lakini lile swali langu la kupanda na kushuka kwa pamoja lilijibiwa na daftari la mahudhurio, na wala si mimi niliyeligundua, ni mwalimu mkuu mwenyewe. Kati ya watoto 14, tisa wanatoka kitongoji kimoja kilicho ng'ambo ya mto. Kulikuwa na daraja la miti, na mvua za Machi zilipokuja maji yakalichukua. Huku kwetu mvua ikishaanza ni mvua kwelikweli. Watoto hao tisa walikosa zaidi ya nusu ya siku za masomo za Machi na Aprili, na kila aliporudi mmoja alikuwa amechoka kwa kuzunguka njia ya juu, ambayo ni mwendo wa saa moja na nusu. Sasa, mwalimu mkuu alipofika Januari alianzisha masomo ya jioni kwa darasa la saba, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, bila malipo, na yeye mwenyewe akifundisha Sayansi. Waliobaki jioni ni wale wa karibu. Watoto watatu waliopata A wote wanakaa umbali wa kutembea usiozidi dakika kumi kutoka shuleni. Wa ng'ambo ya mto hawakuweza kubaki, kwa maana giza lingewakuta njiani. Kwa hiyo jitihada ileile iliyowainua wale 11 wa A na B iliwapita hawa, na wala hakuna aliyewanyima. Mama huyo alipoiona orodha ya vitongoji imekaa sawasawa na orodha ya D alisema, "Nilikuwa nawasifu waliobaki, sikuuliza walioondoka wanakwenda wapi."

Tulikwenda pia darasa la tatu, kama mwalimu wa Kilolo alivyoelekeza. Watoto ni 48. Waliosoma aya na kujibu maswali yote mawili ni 22. Tisa walisoma wakakosa kujibu. Waliobaki 17 hawakuweza kusoma sentensi ya kwanza hadi mwisho. Mmoja wao ni mtoto wa mdogo wangu, ambaye mwaka jana alileta nyumbani ripoti iliyosema anaendelea vizuri. Na kwa mpangilio wa walimu ni kama mwalimu mstaafu alivyohisi: darasa la kwanza na la pili yana mwalimu mmoja, darasa la saba lina watano.

Kikao ni Jumamosi. Nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa kamati, na tutapeleka mapendekezo haya. Masomo ya jioni yahamishiwe saa sita na nusu hadi saa nane mchana, na lile debe la mahindi lililokuwa la kambi liwe la chakula cha mchana kwa watoto wote kuanzia darasa la tatu, kwa hiari ya wazazi na kwa makubaliano ya kikao chenyewe, ili wa ng'ambo wale, wasome na waondoke jua likiwa juu. Walimu wawili kati ya wale watano wa darasa la saba wapewe vipindi vya Kusoma na Kuandika katika darasa la pili na la tatu, jambo ambalo mwalimu mkuu amekubali hata kabla ya kikao. Kambi iwekwe kwa wiki sita tu, kwa watoto watakaokuwa wamekaribia 121 katika moko, na matroni awepo tangu usiku wa kwanza. Suala la uhamisho sitaliwasilisha mimi; akilileta mwingine nitamfungulia madaftari.

Lililobaki ni daraja la mto. Wazee wawili wa ng'ambo wametoa miti ya mikaratusi, fundi yupo, na wanaume wa vitongoji vyote wameombwa kufika mtoni Jumatatu asubuhi na panga au shoka. Mvua zimekwisha kuanza kunyesha usiku, kwa hiyo hatuwezi kuchelewa zaidi ya hapo.